Seattle Hawakuwa Wajinga: Mapenzi ya Timu Yasigeuzwe Kodi ya Mnyonge



Naomba nizungumzie jambo ambalo nimelisikia mara nyingi mno katika mikusanyiko yetu huku, na safari hii kunyamaza kumenishinda. Juni 22, 2025 tulikuwa sebuleni kwa rafiki yetu mmoja hapa Kent, kusini mwa Seattle. Pilau limeiva, watoto wamefukuzwa wakacheze nje, wakubwa tumekaa tunaangalia mchezo wa saba wa fainali ya NBA. Oklahoma City Thunder wakaifunga Indiana Pacers, wakabeba kombe. Kaka yetu mmoja akasimama na sahani yake mkononi akasema: "Kombe hilo lilikuwa letu! Watu wa Seattle wajinga. Walibania senti za kujenga uwanja, timu ikahama. Wenzao Oklahoma wenye akili wakajenga." Sebule nzima ikaitikia. Akaongeza: "Ndiyo maana nasema hata kule nyumbani serikali ijenge viwanja, mahesabu baadaye."

Sikujibu siku ile. Nilikuwa na zamu alfajiri, na ukianza ubishi wa mpira na kaka zetu hawa hutoki kabla ya usiku wa manane. Leo najibu. Na kabla sijaitwa mpinga maendeleo, niseme wazi kwamba mimi ni mshabiki. Nimezaliwa katika nyumba ya Simba, na nikifungwa na Yanga silali. Najua timu ni nini kwa mtu. Ni kwa sababu hiyo hiyo hoja ya "mahesabu baadaye" inaniudhi.

Kwa walio nyumbani ambao hawaijui habari hii, nitaieleza kwa ufupi. Timu ile ya Oklahoma ilikuwa ikiitwa Seattle SuperSonics. Ilianza hapa mwaka 1967 na ikachukua ubingwa wa NBA mwaka 1979. Ilichezea ukumbi uliojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1962. Mwaka 1995 ukumbi huo ulifunguliwa upya baada ya jiji kukopa makumi ya mamilioni ya dola kuujenga tena, ukaitwa KeyArena. Haikupita hata miaka kumi na miwili, wamiliki wakasema hauwafai tena. Mwaka 2006 bwana Howard Schultz, yule tajiri wa Starbucks, akiongoza kundi lililomiliki timu, alitaka dola milioni 220 za ukarabati, na sehemu kubwa kabisa itoke kwenye kodi. Wakubwa wa jiji na jimbo wakakataa. Mwezi Julai mwaka huo huo akaiuza timu kwa kundi la Clay Bennett wa Oklahoma City kwa dola milioni 350. Mwaka 2008 timu ikahama.

Hiyo ndiyo hadithi inayosimuliwa sebuleni. Lakini kuna vipande vimeachwa, na ndivyo vyenye maana.

Cha kwanza, wananchi wa Seattle hawakuamka asubuhi moja na roho mbaya. Walikuwa wameshaingizwa mjini mara nyingi. Palikuwa na uwanja mkubwa uitwao Kingdome, mali ya Kaunti ya King, uliofunguliwa mwaka 1976. Mwezi Machi mwaka 2000 ukalipuliwa kwa baruti, ukawa vumbi, kwa sababu timu zilizouchezea zilitaka viwanja vipya. Deni lake kaunti ilimaliza kulilipa mwaka 2015! Someni tena hapo. Miaka 15 baada ya jengo kutoweka, watu bado wanalipia. Mtoto aliyezaliwa siku jengo linalipuliwa alikuwa sekondari siku deni linakwisha.

Kisha ukaja uwanja wa baseball wa timu ya Mariners. Septemba 1995 wananchi wa kaunti waliulizwa kwa kura kama wanakubali kuongezewa kodi ya mauzo ili uwanja ujengwe. Wakakataa, kwa kura chache lakini wakakataa. Wiki chache baadaye bunge la jimbo likakutana, likapitisha mpango mwingine wa kodi, zikiwemo za migahawa na za kukodi magari, na uwanja ukajengwa. Sasa niambieni, mtu aliyepiga kura ya HAPANA akaona uwanja unajengwa vilevile kwa kodi, ukimfuata tena miaka kumi baadaye na mchoro wa ukumbi mwingine, unategemea akupigie makofi?

Ndipo Novemba 2006 ikapigwa kura maarufu inayoitwa I-91, na karibu robo tatu ya wapiga kura wa jiji wakaiunga mkono. Wengi wanaoitukana hawajawahi kusoma inasema nini. Haikupiga marufuku ukumbi wala timu. Ilisema kwamba jiji likiweka fedha za umma kwenye timu ya kulipwa, lirudishiwe faida isiyopungua ile ambayo lingepata kwa kununua hati fungani za serikali ya Marekani. Basi! Ni sharti ambalo mama ntilie wa Kariakoo angelielewa bila mwanasheria: ukichukua mtaji wangu, nirudishie na cha juu kidogo. Wamiliki waliona sharti hilo ni matusi. Mimi nauliza, kama mradi ni wa faida kubwa kama walivyohubiri, mbona waliogopa kuahidi faida ndogo kama hiyo?

Jambo la pili ni nani analipa. Sisi tunaoishi jimbo hili la Washington tunajua kwamba mishahara yetu ya kawaida haikatwi kodi ya mapato ya jimbo. Tunafurahi tukiangalia hati ya mshahara, halafu tunalipia dukani, maana jimbo linaishi kwa kodi ya mauzo. Kodi ya mauzo haina macho. Dada anayewaogesha wazee kwenye nyumba za kulelea, kaka anayebeba mizigo uwanja wa ndege, na tajiri wa kompyuta mwenye jumba ziwani, wote wanatozwa asilimia ile ile kwenye sabuni na viatu vya watoto. Kwa tajiri ni tone, kwa mbeba boksi ni mlo. Halafu siku ya mchezo, tajiri amekaa kiti cha mbele, na yule dada yuko zamu, anasikia matokeo kwenye redio ya mgonjwa.

Watetezi wa viwanja husema, "Lakini fedha zitarudi, hoteli zitajaa, ajira zitapatikana." Wachumi waliochunguza viwanja vya Marekani kwa zaidi ya miaka thelathini, wa mrengo wa kushoto na wa kulia, ni mara chache sana wanakubaliana kitu, lakini hili wanakubaliana: kwa kawaida hazirudi kiasi cha kufidia kilichotolewa. Sababu yake haihitaji shahada. Familia yenye dola mia mbili za starehe kwa mwezi ikizipeleka kwenye mpira wa kikapu, haizipeleki sinema wala kwenye mgahawa wa mtaani. Fedha ni ile ile, imehamishwa mfuko. Na ajira nyingi za ukumbini ni za kuuza soda na kufagia, siku zile tu ambazo kuna mchezo.

Cha tatu, tuache kusema kura ya 2006 ndiyo iliyofukuza timu. Bennett alipoinunua alisema anataka kubaki. Mwaka 2007 akaleta mpango wa ukumbi wa dola milioni 500 katika mji wa Renton, sehemu kubwa ikitegemea kodi, na bunge la jimbo halikuupitisha. Agosti mwaka huo huo mmoja wa wenzake katika umiliki, marehemu Aubrey McClendon, akamwaga mchele: aliliambia gazeti la Oklahoma kwamba hawakuinunua timu ili ibaki Seattle. NBA ikamtoza faini ya dola 250,000, bila shaka kwa kusema ukweli hadharani. Mnunuzi ana safari yake tayari, halafu mnamlaumu mwenye nyumba kwamba hakumpikia vizuri!

Na mkataba wa KeyArena ulikuwa unaibana timu hadi mwaka 2010. Jiji likaenda mahakamani. Juni 2008 maelfu ya washabiki walikusanyika nje ya mahakama wakiimba jina la timu yao. Julai 2, siku ambayo jaji alikuwa atoe uamuzi, meya Greg Nickels akakubali kumaliza kesi: timu iondoke, jiji lilipwe dola milioni 45. Kwa hiyo kama mnatafuta mtu wa kumlaumu, msimlaumu bibi aliyepiga kura yake kulinda mkoba wake. Waulizeni waliokaa mezani kwa niaba ya washabiki wakanyanyuka na hundi.

Mgalla muue na haki yake mpe. Washabiki wa Seattle waliumia kweli, na wakubwa hawakuwaheshimu. Diwani Nick Licata alinukuliwa mwaka 2006 akisema mchango wa timu hata kwa utamaduni wa jiji unakaribia sifuri. Baadaye aliomba radhi, na alistahili kuomba. Timu si sifuri. Nimehudumia wagonjwa wazee wa hapa ambao majina ya watoto wao wanayasahau, lakini ukitaja 1979 wanakupa kikosi chote. Mtu anayesema timu haina thamani hajui watu. Lakini thamani ya moyoni si hati ya kuruhusu tajiri kuingiza mkono mfukoni kwa maskini. Ndiyo usanii wenyewe ulipo: wanachukua kitu unachokipenda, wanakishika juu, halafu wanakuambia lipa au nakidondosha.

Na mapenzi yakishatekwa hivyo, watu hugeuka kuwa wabaya. Mwaka 2016 mwekezaji Chris Hansen alitaka kujenga ukumbi kusini mwa katikati ya jiji, na mpango wake wa mwanzo ulihusu hadi dola milioni 200 za mkopo wa umma. Alihitaji jiji limwachie kipande cha barabara. Wafanyakazi wa bandari walipinga, maana malori yao yanapita huko na mkate wao uko huko. Mei 2 mwaka huo madiwani wakapiga kura, 5 wakakataa na 4 wakakubali. Wote watano waliokataa walikuwa wanawake. Matusi waliyotumiwa na baadhi ya washabiki siwezi kuyaandika hapa, mama zangu wanasoma. Matusi ya kijinsia, na vitisho, kwa sababu ya barabara! Kaka zangu mnaopenda kusema "ni mpira tu", lifikirini hilo.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kinachosahauliwa kila siku. Miezi michache baada ya kukataliwa, Oktoba 2016, Hansen yule yule akasema yuko tayari kujenga bila fedha za umma. Kumbe fedha zilikuwepo! Zilikuwepo siku zote, zilikuwa zinasubiri kuona kama wajinga wapo. Halafu likaja kundi lingine, Oak View Group, likakubaliana na jiji kuujenga upya ule ule ukumbi wa 1962 ulioambiwa haufai. Paa la zamani likaachwa juu, chini kukachimbwa upya. Gharama zilipita dola BILIONI moja, na ujenzi ulilipiwa na fedha binafsi. Ukafunguliwa Oktoba 2021 kwa jina la Climate Pledge Arena. Jengo bado ni mali ya jiji. Timu mpya ya magongo ya barafu, Kraken, inachezea hapo. Haikuwa sadaka, kampuni ilipata mkataba wa miaka 39 na inavuna vizuri, na tiketi ni ghali. Lakini hakuna muuguzi wala mfagizi aliyeongezewa kodi dukani kuujenga.

Na kuna timu moja ambayo kaka zangu hamkuitaja hata kidogo siku ile. Bennett aliponunua Sonics alinunua pia Storm, timu ya kikapu ya wanawake. Mwaka 2008 kikundi cha wanawake wa hapa hapa Seattle kiliinunua kwa dola milioni 10 ili isihamishwe. Ikabaki. Imechukua ubingwa wa taifa mwaka 2010, 2018 na 2020, juu ya ule wa 2004. Mwaka 2024 ikafungua kituo chake cha mazoezi kwa fedha za wamiliki wake. Mnapolia kwamba jiji lilibaki bila ubingwa, vikombe vyetu hamvihesabu kwa nini?

Twendeni Oklahoma sasa, kwa hao "wenye akili". Siwatukani, wana haki ya kufurahi, na walipiga kura yao wenyewe. Lakini angalieni bili. Ukumbi walioukuta Thunder ulifunguliwa mwaka 2002, umejengwa kwa kodi ya mauzo. Machi 2008 wananchi wakakubali tena kodi ya kuurekebisha, dola milioni 121. Desemba 12, 2023 wakapiga kura tena: kodi ya senti moja kwa kila dola kwa miaka sita, ukumbi mpya wa si chini ya dola milioni 900. Wamiliki wa timu wanachangia milioni 50. Asilimia 71 walisema ndiyo, kwa sababu waliijua vizuri habari ya Seattle na waliogopa yasiwapate. Hicho ndicho kinachoitwa ushindi! Timu iliyonunuliwa kwa dola milioni 350 leo inathaminiwa kwa mabilioni, na mwenye nyumba anadaiwa kila baada ya miaka kadhaa asije akahamwa. Huyo ni mpangaji au ni mwenye nyumba?

Mtu ataniambia watu wa Seattle ni wabahili tu, hawapendi kodi. Si kweli, na hapa naongea kwa kitu ninachokijua. Novemba 2020 tuliulizwa kwenye karatasi ya kura kama kaunti yetu ikope dola bilioni 1.74 kwa ajili ya Harborview, hospitali ya umma inayopokea majeruhi wakubwa wa jimbo lote hili na majirani, na ambayo haimfukuzi asiye na bima. Deni hilo linalipwa na kodi ya majengo. Kupita kulihitaji asilimia 60. Ilipita kwa zaidi ya asilimia 70, katikati ya korona, watu wengine hawana kazi. Watu wale wale, mifuko ile ile. Wananchi hawakatai kulipa. Wanakataa kulipa faida ya mtu mwingine kisha waambiwe ni maendeleo yao.

Nimalizie na nyumbani, kwa kuwa kaka yetu ndiko alikotupeleka. AFCON ya 2027 wamepewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na ninafurahi kama ninyi. Arusha ilianza kujengewa uwanja wa watu 30,000 mwaka 2024. Nairobi wanajenga Talanta wa watu 60,000, na Julai 2025 Kenya iliorodhesha kwenye soko la hisa hati fungani za zaidi ya shilingi bilioni 44 kwa ajili yake, za miaka 15, kwa riba inayozidi asilimia 15. Mashindano ni ya wiki chache. Deni ni la miaka 15. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma karibu miezi miwili, na moja ya madai makubwa ilikuwa posho ya madaktari wa mafunzo ambayo serikali ilisema haina uwezo wa kuilipa. Ninaziweka habari hizo mbili jirani, ninyi someni.

Sisemi viwanja visijengwe. Uwanja wa Mkapa pale Dar, uliokamilika mwaka 2007 kwa msaada wa Wachina, umetupa raha ambazo hazina bei, na Simba na Yanga, klabu za tangu miaka ya 1930, zinauazima mpaka leo. Ninachosema ni kwamba huku Marekani mwananchi alipata angalau karatasi ya kura ya kusema hapana. Kule kwetu hatuulizwi. Kwa hiyo kazi ya kuuliza inabaki kwetu sisi tunaopenda mpira, kabla ya wengine wote. Nani anakopa, na analipa nini kwa mwaka? Baada ya wageni kuondoka, nani atamwagilia nyasi na kulipa umeme, na klabu zinazouchezea zitachangia kiasi gani? Mkataba uko wapi tuusome? Kiongozi akijibu maswali hayo, mimi wa kwanza nitanunua jezi. Akijibu kwamba tunakosa uzalendo, basi mjue mnauziwa mbuzi kwenye gunia.

Na kaka yangu wa sebule ya Kent, ambaye najua utayasoma haya: siku Sonics watakaporudi, na jiji hili linatajwa kila NBA inapozungumzia kuongeza timu, tiketi yangu nitanunua mwenyewe na yako nitakulipia. Ukumbi wa kuchezea tayari upo, na hakuna mtoto wetu anayedaiwa kwa ajili yake. Wajinga ndio walioufanya uwepo hivyo.

Naomba kuwasilisha.